Kidonda cha Mkwe

Mutayoba hakuwa daktari. Alikuwa tabibu, ila watu wa Igogo hawakuwa na muda wa kutofautisha. Kwao, aliyevaa koti jeupe na asiyekufokea ni daktari. Zahanati yake ilikuwa na vyumba vitatu, mgongo wake umeelekea ziwani, na upepo ulipogeuka harufu ya dagaa walioanikwa juani iliingia mpaka kwenye kabati la dawa. Alikuja Mwanza kijana, akitokea Bukoba. Akasomea utabibu, akaoa binti wa Kisukuma, akajifunza kula ugali bila kuuliza ndizi ziko wapi. Kufika mwaka tisini na tano alikuwa na miaka kumi na mmoja katika chumba kilekile, kwenye kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi.

Wagonjwa wake wengi walikuwa wanaume. Sifa hiyo hakuitafuta, ilimfuata. Wavuvi, makuli wa bandarini, madereva wa malori ya pamba, wauza mitumba, wote walimletea mambo ambayo wake zao hawakuyajua, kwa sababu Mutayoba alikuwa na uso usiobadilika. Ungemwonyesha chochote, naye angeinama, akasogeza taa, akatazama kama fundi saa atazamavyo saa iliyosimama. Wanafunzi waliotumwa kwake aliwaambia, "Kidonda kina uso. Usikipe jina kabla hujakitazama usoni."

Miaka hiyo ulikuwa umeingia utaratibu mpya wa kutibu kwa dalili, maana vipimo vilikuwa vichache na wagonjwa wengi. Mwanamume akija na kidonda sehemu za siri, apigwe sindano ya penisilini kwa ajili ya kaswende, apewe vidonge vya salfa kwa ajili ya pangusa, kisha apewe kadi ya kumwita mwenzake naye atibiwe. Ulikuwa utaratibu mzuri. Mutayoba aliwaona watu wakipona kwa macho yake, akaupenda kama mtu apendavyo njia iliyomfikisha nyumbani mara nyingi.

Na nje ya zahanati, biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya dawa yalichipuka Mabatini, yakachipuka Magu, yakachipuka kwenye kila kituo ambapo basi lilisimama japo kwa dakika mbili. Zamani ulipanga foleni ukaambiwa dawa zimekwisha. Sasa vidonge vya salfa viliuzwa viwiliviwili, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari kama karanga. Ukikohoa, unameza. Tumbo likikata, unameza. Watu walikuwa wamengoja dawa kwa miaka mingi mno hata wasiweze kuziogopa.

Mzee Chenge alikuja Januari, siku ya Jumanne. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama kando ya pipa la maji, kofia mkononi, akawaacha watu wote wapite mbele yake. Alikuwa mkulima wa pamba kutoka Magu, mtu mrefu, mkavu, asiyependa kusema neno moja mara mbili. Tena alikuwa baba yake Ng'washi, mke wa Mutayoba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Ng'washi hakuniambia kama unakuja."

"Ng'washi hajui."

Akafunga mlango mwenyewe. Akaongea habari za mvua. Akaongea habari za wanunuzi wapya wa pamba, waliokuja na mizani zao na kicheko kingi. Mutayoba alingoja. Alikwisha kuwazoea wanaume wanaozunguka, akajua wote hufika.

"Nina kidonda," mzee akasema.

"Pole baba. Kiko wapi?"

Mzee Chenge aligeukia dirishani. "Mahali ambapo mkwe haulizi."

Mutayoba, aliyekuwa ametazama maelfu, aliangalia sakafu. Nyumbani kwa Mzee Chenge mkwe alikaa mbali na mkwe: hawakula sahani moja, hawakukalia kitanda kimoja, na mmoja akienda kuoga mwingine alitafuta safari ya kwenda upande mwingine. Kumwona mkwe wako utupu ilikuwa aibu ambayo hata walevi hawakuifanyia mzaha. Na Bukoba alikolelewa Mutayoba, mama yake, Kokulinda, asingemfundisha tofauti.

"Baba, kuna hospitali kubwa kule mlimani. Kuna madaktari ambao hawakujui."

"Nikavuliwe nguo na watoto wa shule? Nimekuja kwako kwa sababu wewe utaninyamazia."

Basi Mutayoba akauliza macho yakiwa kwenye daftari. Kinauma? Kinaungua, kama pilipili. Kina usaha? Kuna maji. Kilianza lini?

"Wiki iliyopita. Nilikuwa na kikohozi, nikanunua dawa, kikohozi kikaondoka, kikaja hiki."

Maneno hayo ya mwisho Mutayoba hakuyaandika. Aliandika: kidonda, sehemu za siri. Akamwita Wilhelmina, muuguzi, aje apige sindano, ambayo mzee aliipokea amesimama, kaptura imeshushwa vidole viwili tu. Kisha akahesabu vidonge vya salfa, akavifunga bahasha mbili.

"Na hizi?"

"Za mama."

"Mama haumwi."

"Ndio utaratibu, baba."

Mzee Chenge alizishika bahasha zile mbili kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma. "Mkwe," akasema taratibu, "mimi tangu nimuoe Tereza sijatoka nje ya nyumba yangu."

Wanaume wengi walikuwa wamemwambia Mutayoba maneno hayohayo, kwenye kiti hichohicho. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia wao wote.

Tereza hakuwa mwanamke wa kumeza asichokijua. Bahasha yake aliibeba mpaka kwa muuza dawa wa Magu, akaitua juu ya meza, akauliza hizi ni za nini. Muuza dawa alimtazama kwa huruma, na huruma ile Tereza hakuisahau. Kuanzia siku hiyo alimpakulia mumewe chakula, akakiweka, akaondoka kabla hajakaa.

Kidonda kilipona baada ya wiki chache. Aprili kikarudi, na Julai kikarudi tena. Kila mara Mzee Chenge alisafiri mpaka Igogo, akasimama kando ya pipa, akasema maneno machache: kimerudi palepale. Na kila mara Mutayoba aliandika kama alivyoandika mwanzo, akampa alichompa mwanzo, na mzee akarudi Magu, akameza, kidonda kikachachamaa kuliko alivyokuja nacho, kisha polepole kikanywea.

Palepale. Neno hilo lingemshtua kama lingetoka kwa mgonjwa mwingine. Kwa mkwe wake lilimtia hofu ya namna nyingine. Mutayoba alikuwa mtu wa Kagera. Alikuwa amezika kaka wawili kwa ugonjwa ambao, kabla haujapata jina la ukimwi, watu waliuita Juliana. Alipoona mashavu ya mzee yakibonyea alidhani anajua kinachokuja. Hakumwambia Ng'washi. Alinyamaza, akauita ukimya wake heshima.

Agosti, Alhamisi moja, Ng'washi alikuwa anapepeta mchele uani. Akasema bila kuinua uso, "Mama yuko Mabatini kwa mjomba Masalu."

"Amekuja kusalimia?"

"Amekuja na kinu."

Mutayoba akaketi. Mwanamke anayekuja kusalimia habebi kinu.

"Jumapili mjomba anakalisha watu," Ng'washi akaendelea. "Baba akiwa na la kusema aseme. Akikosa, mama harudi tena. Na wewe utaulizwa."

"Siri ya mgonjwa, Ng'washi."

"Siri ipi? Mama amevionyesha vile vidonge ukoo mzima. Wanachongoja ni wewe useme kwa kinywa chako kwamba baba yangu ana ugonjwa wa zinaa." Ungo ukasimama mikononi mwake. "Anao?"

Mutayoba akafungua kinywa. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa la daftari, na kwa mara ya kwanza aliliona jinsi lilivyo jepesi.

"Sijui," akasema.

"Umemtibu mara tatu hujui?"

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, Mzee Chenge alikuwa tena kando ya pipa. Safari hii alitembea amepanua miguu kidogo, na hakujali nani anamwona.

Wilhelmina alikuwa mwenyeji wa Sengerema, amebakiza miaka miwili kustaafu, na hakuwa akimwogopa mtu yeyote tangu mume wake alipofariki. Alilichukua daftari, akafunua kurasa kwa kidole alicholowesha ulimini. Januari. Aprili. Julai. Akaliweka mbele ya Mutayoba.

"Mara ya nne leo."

"Andaa sindano. Na salfa."

"Umekitazama?"

"Dada Wilhelmina, huyu ni mkwe wangu."

"Sikuuliza ni nani wako. Nimeuliza umekitazama."

"Amenieleza."

"Amekueleza. Basi kesho akija aliyevunjika mguu, utaufunga kwa maelezo." Akaegemea meza, sauti ikashuka. "Wanafunzi unawahubiria habari za uso wa kidonda. Huyu mzee wa watu keshokutwa anavunjiwa nyumba yake kwa mwandiko wako, na uso wenyewe hujauona."

Mutayoba alilisogeza daftari kando. "Hatakubali," akasema. "Na mimi siwezi."

"Hilo niachie mimi."

Akafungua kabati la chini, akatoa kile kitambaa cha kijani cha kufunika mgonjwa wakati wa kushona, chenye tundu katikati. Akatoka nacho. Kupitia pazia Mutayoba alimsikia akizungumza na mzee kwa ile sauti yake ya kubembeleza ng'ombe.

"Utalala chali, mzee wangu. Nitakufunika kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Mimi nitatazama ukuta."

"Na yeye?"

"Yeye ataingia atakuta kitambaa."

Nje mtu alikuwa anapigia kelele mbwa aliyeiba samaki.

"Kitambaa hakina mkwe," Mzee Chenge akasema.

Baada ya muda Wilhelmina akachungulia. "Tabibu, kuna mgonjwa chumba cha pili. Jina sikumwandika."

Mutayoba alivaa glovu. Mkono wa kushoto ulikataa kuingia, akaurudia. Palikuwa na jambo lililomtisha kuliko aibu: mwalimu wake mmoja aliwahi kuwaonyesha picha ya wekundu laini kama mahameli kwenye kichwa cha uume wa mzee, akawaambia: hiki ni nadra, lakini kikija msikipake dawa mwaka mzima. Kateni kipande kidogo kiende kwenye darubini, maana inaweza kuwa saratani inayoanza. Januari mpaka Agosti ni miezi minane. Kama ndicho, basi miezi hiyo minane ilikuwa juu ya shingo yake.

Akaingia. Akasogeza taa. Akainama juu ya tundu la kitambaa, akatazama.

Kwanza hakuona kitu ila wekundu. Kisha macho yakatulia, yakaanza kazi yao. Lilikuwa doa la mviringo, kiasi cha sarafu ya shilingi, mpaka wake safi kana kwamba umechorwa kwa bikari. Katikati pamechubuka, lengelenge limepasuka. Akabonyeza kingo, zilikuwa laini, si ngumu kama za kaswende. Hazikuwa zimechanika wala kujaa usaha kama za pangusa. Akapapasa kwenye kinena, hakukuta mitoki. Na chini ya wekundu ule mpya, ukijitokeza pembeni kama kivuli, palikuwa na weusi wa zamani, rangi ya zambarau iliyoiva. Doa jipya lilikuwa limekaa juu ya doa la kale bila kuvuka mpaka wake hata kwa unywele.

"Mgonjwa," alikiambia kitambaa, "una doa jingine la namna hii mwilini?"

Kitambaa kikafikiri. Kisha ubavuni mkono mmoja ukachomoza, mkono wa kulia, ukageuzwa. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na duara jeusi, na katikati yake wekundu ulikuwa umewaka kama kaa.

"Hili nalo huwaka lini?"

"Siku moja na lile."

Ndio mkono ambao Mutayoba aliushika kila alipomwamkia tangu Januari, macho ameyainamisha. Mutayoba alivuta kigoda, akaketi.

"Mara hii, kabla hakijawaka, ulimeza nini?"

"Dawa yako."

"Sijakupa tangu Julai."

"Nilinunua. Ni zilezile, nyeupe. Nikaona Jumapili naitwa mbele ya watu, acha niende nikiwa safi. Jana mchana nikameza viwili. Jioni nikaanza kuungua."

"Na Januari?"

"Nilikuambia. Nilikuwa na kikohozi, nikanunua."

"Na Julai?"

"Tumbo."

"Ukihisi kuungua, hukudhani labda ni vidonge?"

"Nilidhani dawa inapigana na ugonjwa," sauti ikasema chini ya kitambaa. "Nikaongeza."

Mutayoba akavua glovu moja, akaishika tu. Ukutani Wilhelmina hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yanasikiliza.

"Baba," akasema, akasahau kwamba mgonjwa hakuwa na jina. "Huna ugonjwa wa zinaa hapa. Mwili wako unaikataa salfa. Kuna watu wachache wako hivyo: kila ikiingia, ngozi inaungua mahali palepale, na ikipoa inaacha weusi. Ningetazama Januari ningeuona weusi huo. Sikutazama. Nikakupa salfa kutibu kidonda cha salfa."

Kitambaa kilitikisika. Mutayoba hakujua kama mzee analia au anacheka, na hakuthubutu kufunua.

"Basi ni rahisi," Mzee Chenge akasema mwishoni. "Jumapili nitameza kimoja mbele ya Masalu. Jioni wote wataona."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Nilikuwa kwenye mafunzo hospitali, akaletwa mama mmoja aliyemeza dawa hizihizi, mwili ukaikataa. Ngozi ilimtoka mgongo mzima kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Sijui mwili wako mara nyingine utaishia wapi. Sitakupa hata nusu, wala usimwachie mtu akupe."

"Basi huna ushahidi."

"Sina."

Alimpa krimu ya kutuliza, akamwelekeza aoshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Kwenye kadi yake akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, asipewe salfa, wala zile dawa za malaria zenye salfa ndani. Wilhelmina akamtoa damu ipelekwe kupimwa hospitali kubwa. Na Mutayoba akasema wazi: baada ya wiki tatu atatazama tena, wekundu ukiwa haujaondoka, watakata kipande kiende kwenye darubini, awe mkwe au asiwe mkwe. Mzee akakubali. Mlangoni, akiwa amekwisha vaa kofia yake na jina lake, akageuka.

"Jumapili sema yote. Ila hilo la kunitazama usiseme."

Masalu, kaka yake Tereza, alikuwa na mashine ya kusaga pale Mabatini, na hata Jumapili nyusi zake zilikuwa na unga. Watu walitoka misa, wakala, wakakaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima. Tereza alikaa na wanawake, mgongo umenyooka. Kinu chake kilikuwa kimesimama nyuma yake.

Mutayoba alisema. Alieleza salfa, alieleza ngozi inayokataa, alieleza makosa yake mara tatu. Alipomaliza, Masalu alipiga makofi mawili ya polepole.

"Mkwe, umesoma. Januari ukasema ni zinaa. Aprili zinaa, Julai zinaa. Ukampelekea dada yangu vidonge vya zinaa asivyoviomba. Leo, siku ya kesi, ni mzio. Kilichobadilika ni nini? Kidonda, au wewe umekula ng'ombe wa shemeji yangu?"

Watu wakacheka, wakijifuta vinywa.

"Mjomba, sijala kitu."

"Basi umejuaje Ijumaa usichokijua miezi yote hii? Umeona nini kipya?"

Hapo ndipo Mutayoba aliponyamaza. Jibu lilikuwa moja, na alikuwa amekatazwa. Alitazama mikono yake. Alisikia mkeka ukilia, mtu akikohoa, mtoto akinyamazishwa. Ng'washi alikuwa amemkazia macho. Kila alipopumua alijua kwamba ukimya wake unageuka kuwa hukumu, na kwamba nyumba ya watu inaanguka katikati ya pumzi moja na nyingine.

"Amenitazama," Mzee Chenge akasema.

Alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa mkononi, na kwenye ule mkono duara lilionekana.

"Nililala, akanitazama, huyu mkwe wangu. Mimi ndiye niliyekubali. Mnataka kujua ameona nini kipya, ameona hicho."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aligeuza uso kando, kama aliyemwagiwa maji. Masalu alifungua kinywa akakifunga, kwa sababu alikuwa Msukuma kabla ya kuwa mwenye mashine, na alijua vizuri kama watu wote uani pale: mtu anaweza kudanganya kwa ajili ya nyumba yake, anaweza kuapa uongo, anaweza kununua tabibu, lakini hakuna mwanamume wa rika la Chenge ambaye angejitungia aibu hiyo na kuisema mbele ya wake wa watu.

Tereza ndiye aliyefuata kusema, na hakuwa anamwangalia yeyote.

"Pasaka alikuwa kitandani. Jembe lilimkata mguu. Siku nne hakutoka hata kwenda kwa ng'ombe, nilimpikia uji mimi. Jumamosi alimeza vidonge vyake vile vyeupe, akasema ni vya mguu. Jioni akaanza kulala amenigeuzia mgongo." Akahesabu kwa vidole. "Hakutoka. Nilimwona hakutoka. Nikaamini bahasha ya daktari kuliko macho yangu."

Hapo akamgeukia Mutayoba, na Mutayoba alitamani angetukanwa.

"Nitarudi," Tereza akasema. "Lakini msiseme nimeamini. Vidonge vyote vya nyumbani nitavishika mimi. Mvua za vuli hukohoa, kila mwaka hukohoa. Kidonda kikitoka bila kidonge, kinu hiki kitarudi hapahapa, na daktari atakuja kunibebea kichwani."

"Sawa, mama," Mutayoba akasema.

"Sikukuuliza kama ni sawa."

Damu za mzee na Tereza zilipimwa, zikarudi safi. Wiki ya tatu mgonjwa asiye na jina alilala tena chini ya kitambaa, na Mutayoba akakuta ngozi imefunga, weusi peke yake ndio umebaki. Hakukuwa na haja ya kisu. Lakini Tereza alisema damu safi na ngozi safi si neno. Hata Machi ilikuwa safi. Wakangoja mvua.

Katikati ya miezi hiyo Mutayoba alirudi kwenye madaftari ya zamani. Alitafuta majina yaliyojirudia, kidonda palepale, dawa ileile. Alipata kumi na wawili, akaanza kuwaita. Mmoja alikuwa na duara jeusi mdomoni. Watatu walikuwa na kaswende kweli. Wengine hawakupatikana. Kila aliyeingia alimvua, akamtazama, hata walioudhika.

Novemba, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Magu alileta ujumbe wa Tereza, neno moja tu: anakohoa.

Mutayoba alifika Magu mchana. Alimsikiliza mzee kifuani, akasikia mapafu yakikoroma upande wa kulia, akampiga sindano ya penisilini, dawa ambayo mwili wake haukuwa na ugomvi nayo. Kisha hakuondoka. Alilala kwenye chumba cha wageni, akashinda uani akiwatazama ng'ombe bila kuwaona. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili mzee alikula kidogo. Mutayoba aliuliza kifua kinaendeleaje; lile jingine hakuliuliza, na Tereza alipita mbele yake na ndoo bila kumwambia kitu, mara tano, mara sita. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nne asubuhi Tereza aliingia chumbani kwa mumewe, akafunga mlango.

Alikaa humo muda mrefu. Mutayoba alisimama. Akaketi. Akasimama tena.

Tereza alipotoka alikuwa anajifunga khanga upya. Alikuja mpaka alipo, karibu kuliko ilivyo desturi, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata kuku hawakuisikia.

"Pakavu."

"Umetazama vizuri, mama?"

"Mimi nilikuwa natazama kabla wewe hujazaliwa," Tereza akasema. "Nenda kanywe uji. Umekonda kwa mambo ya watu wazima."